Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu kupata muda wa kuandika

Assalaam alaykum. Mimi nafundisha skuli hapa Unguja mjini, kwetu asili ni Wete, Pemba, n'na watoto watatu, mama mkwe nakaa nae, na naandika hadithi. Maswali haya nshaulizwa harusini, kwenye gari, msibani, na kwenye simu saa tano ya usiku, na wengi wanaoniuliza nawaona kabisa wana kitu kifuani kinataka kutoka ila wamezongwa. Ndo nikaona niyajibu yote pahala pamoja, kila mtu asome kwa nafasi yake.

Dada, muda unaupata wapi wewe?

Siupati. Nilitafuta miaka mitatu saa tupu katika siku yangu nikaikosa, mana kila saa ina mwenyewe, hii ya skuli, hii ya jiko, hii ya watoto na daftari zao za chuo cha Kurani, na ikibaki moja basi kuna mgonjwa wa kwenda kutazamwa. Kwaiyo nikaacha kutafuta saa tupu, nikatafuta kitu ambacho nakifanya kila siku hata itokee nini, na kuandika nikakufunga pale pale.

Kwangu mimi ni alfajiri. Nikishasali sinyanyuki. Kanga ya kusalia naikunja naiweka mapajani, daftari lipo chini ya mto wa kochi, kalamu imo ndani ya daftari, na naandika hapo hapo juu ya mswala. Jirani yangu anafuga kuku na mlango wa banda lake ni wa bati, akiufungua unalia kwa kishindo, basi mlango ule ndo saa yangu, nikiusikia nafunga daftari nakwenda kubandika chai. Siku nyengine napata dakika ishirini na tano, siku nyengine kumi na tano kwa vile jirani kawahi. Yote sawa.

Na nyinyi hamulazimiki alfajiri. Sisi visiwani siku yetu tayari imegawika, hatuambiani tukutane saa kumi, tunaambiana baada ya laasiri, na huo mgao ni neema kwa mtu anaeandika mana huhitaji kujipangia ratiba mpya ambayo utaivunja Jumatano. Chagua sala moja tuu katika tano, ile ambayo baada yake hakuna mtu anakusubiri. Kaka mmoja ana duka Darajani, yeye kachagua adhuhuri kwa vile jua likiwa kali wateja hupungua. Mwengine ni mlinzi wa hoteli ya pwani, yeye ni isha. Na kama husali, basi kile kikombe cha chai cha kwanza, au ule muda unaosubiri wali ukauke. Muhimu kiwe ni kitu kilichopo tayari.

Sasa dakika ishirini zinatosha nini?

Hesabu pamoja na mimi. Maneno 150 ni kama aya mbili, ni pungufu ya ujumbe unaomuandikia shoga yako ukiwa umekasirika. Maneno 150 kwa siku, siku tano kwa wiki, ni 750. Wiki 48 za mwaka, nimeshatoa Idi zote mbili na misiba na homa, ni maneno 36,000. Hicho ni kitabu cha hadithi cha kushika mkononi.

Lakini hesabu siyo sababu kubwa. Sababu kubwa ni kwamba kazi ya kuandika inapoa. Bibi yangu kule Wete alikua hawashi moto kwa kiberiti kila asubuhi. Usiku akimaliza kupika anayakusanya makaa katikati, anayafukia kwa jivu, unaona kama jiko limekufa kabisa. Asubuhi anafukua kwa kijiti, anaweka makumbi makavu, anapuliza mara mbili tatu, moto huo. Siku akisahau kufukia ndo utamuona anahangaika, kuni zinafuka moshi, macho yanamtoka machozi, na chai inachelewa.

Hadithi nayo ni vile vile. Ukiigusa kila siku hata kwa dakika kumi, wale watu wako wa ndani ya hadithi unakua nao mchana kutwa, unaosha vyombo huku unasikia wanavyozungumza. Ukiiacha siku tisa, unakuja kukaa saa tatu nzima Jumapili na zote zinamalizikia kukumbuka ulikua unasema nini. Kwaiyo mtu mwenye dakika kumi na tano za kila siku mimi namuona ana muda zaidi kuliko mtu mwenye Jumapili nzima.

Na namna ya kufukia makaa ni hii: usiandike mpaka ukauke. Nikisikia lile bati la jirani mimi namaliza sentensi, alafu chini yake naandika mstari mmoja wa kitakachofuata kesho. "Kesho anafungua barua, si ya mumewe." Basi. Asubuhi yake sianzi na karatasi tupu.

Mimi nalima mwani, maji ndo yananipangia, hiyo kila siku naipata vipi?

Hili aliniuliza mama mmoja wa Jambiani na ndo swali lililonifundisha zaidi ya yote, mana mimi nilikua nahubiri habari ya kila siku kila siku, na yeye akaniambia mwanangu siku zangu hazifanani. Na kweli hazifanani. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hupwa mbali kwenye saa nne za asubuhi na wanawake wote wako nje huko wanafunga mwani kwenye kamba, wanarudi na mgongo umekufa ganzi, mikono imechubuka kwa chumvi. Kumwambia mtu huyu aandike maneno 150 jioni ni kumuonea.

Lakini maji mafu je? Zipo siku maji hayatoki ya kutosha, shambani hakufikiki, na siku hizo zinajulikana kabla. Yeye mwenyewe ndo akagundua, mimi sikumwambia. Siku za maji mafu anaandika, siku za bamvua anabeba. Kubeba ndo neno lake. Anachagua jambo moja katika hadithi, mfano kwanini yule msichana karudi nyumbani kwao, anakwenda nalo baharini, analigeuza geuza huku mikono inafunga kamba. Akirudi anamwambia binti yake mstari mmoja tuu amuandikie. Alinisomea ukurasa mmoja siku hiyo, mwanamke anatembea kwenye maji ya magotini kabla ya jua kutoka na anajua pahala alipo kwa unyayo tuu, huu mchanga, hapa majani, hapa kuna mawe. Mimi nimezaliwa kisiwani na sijawahi kuwaza kwamba unyayo unajua njia. Hakuna mtu wa ofisini angeweza kuiandika ile.

Kwaiyo kama kazi yako ina majira, wavuvi, watu wa zamu hospitali, madereva wa watalii, usifuate kalenda ya mwalimu. Tafuta maji mafu yako.

Na msimu wa karafuu?

Ndugu zangu wa Pemba hili nalijua kwa mwili wangu. Msimu ukikolea nyumba nzima iko juu ya mikarafuu, na usiku ni kuchambua, karafuu huku makonyo kule, mpaka vidole vinanuka wiki nzima. Usijilazimishe. Lakini ile kuchambua ya usiku ndo pahala hadithi zinapozungumzwa, wazee wanasimulia, kina mama wanatoleana siri zao, kila mtu mikono ina kazi kwaiyo mdomo uko huru. Kaa karibu, sikiliza watu wanavyokatiza maneno yao, na kabla ya kulala andika mstari mmoja. Makaa hayo.

Naweza kuandika kwenye gari au kwenye boti?

Kwenye gari mimi siwezi, nimejaribu, watu wanabanana na kondakta anakugongea bati kichwani. Ninachoweza ni kusikiliza. Mtu akisema neno zuri nalirudia rudia mpaka nishuke, alafu nasimama pembeni naliandika. Boti ya Pemba inategemea, kabla ya kufika mkondo wa Nungwi unaweza kuandika kurasa mbili tatu, ukishaingia mkondoni weka daftari shika kiti.

Wengine wanajirekodi. Yani unatembea unasema kwenye simu kama unamtumia mtu voisi, kumbe unajitumia mwenyewe. Kwa watu wanaoona haya kuandika lakini wanasimulia vizuri, hii ni njia nzuri sana, na watu wetu wengi wanasimulia vizuri.

Simu au daftari?

Ile inayokutoa uvivu. Ila nawaomba, nawaomba sana, msiweke kazi pahala pamoja. Nilikua na hadithi ndefu kwenye simu, miezi saba, simu ikazima nikaipeleka kwa fundi, nikamwambia kila kitu chukua ila maandishi yangu nirudishie, akaniambia sawa. Niliporudi jioni simu inawaka, nzuri, ndani tupu, kaifuta yote. Nilikaa kwenye ngazi za jumba moja pale Mkunazini nikalia na watu wanapita. Miezi saba ya alfajiri. Yule msichana wa kwenye hadithi ile nilimpenda, na mpaka leo sijaweza kumrudisha kama alivyokua, nimemuandika tena lakini ni msichana mwengine.

Kwaiyo sasa naandika kwa mkono, na kila Ijumaa napiga picha kurasa za wiki nzima namtumia dada yangu. Hasomi, anazihifadhi tuu. Dakika tano. Wenye kuandika kwenye simu jitumieni imeli kila wiki, ni kitu kidogo na kitakuokoeni.

Na daftari lina faida yake nyengine, umeme. Zile Disemba 2009 mpaka Machi 2010, wanaokumbuka wanakumbuka, Unguja nzima miezi mitatu hatuna umeme, mimi nilikua msichana, niliandika kwa taa ya chemli na ndo miezi niliyoandika zaidi kuliko yote kabla yake. Hakuna televisheni, hakuna chaji, jioni ni ndefu.

Mume wangu / mke wangu / mama haelewi. Nikikaa na daftari naitwa.

Hili ni zito na sitaki kulipita kwa haraka.

Kwanza tambua kwamba hawakufanyii ubaya. Katika nyumba zetu mtu aliekaa kimya peke yake ama anaumwa ama kanuna. Mama mkwe wangu mwanzoni alikua akiniona nimeinama kwenye daftari ananiuliza una nini mwanangu, na mimi nikimjibu sina kitu, na lile jibu ndo kosa langu, mana kama sina kitu basi niinuke nikate vitunguu. Nilimficha miaka miwili kwamba naandika. Nikiogopa ataona napoteza wakati wa mwanawe na wajukuu zake.

Siku moja nikamsomea. Ilikua ni ile sehemu ya harusi, nimeelezea singo, ile ya kumsugulia bi harusi mwilini, inavyosuguliwa, na katikati akanikatiza, akasema siyo hivo, hukuiweka liwa, singo gani haina liwa? Akanieleza yote kuanzia mwanzo, na nani anaisaga, na nyimbo gani zinaimbwa, nusu saa nzima. Kuanzia siku ile mtoto akija kuniita alfajiri yeye ndo anamwambia muache mama yako anaandika. Na ananiuliza, yule bi harusi vipi, kashaolewa?

Sisemi kila mtu atakubali. Nasema waambie unachofanya kwa jina lake, naandika hadithi, na waambie mwisho wake, mpaka saa kumi na mbili na nusu. Watu wanavumilia kitu chenye mwisho. Na kina baba mnaosoma, kama mkeo au binti yako anaandika, mchukue mtoto mdogo nenda nae barazani dakika ishirini. Hiyo tuu. Tuna wanawake wengi visiwani hapa wenye vitabu vizima kichwani na kilichowakosesha ni dakika ishirini za mtu wa kumshika mtoto.

Nyumba yetu imejaa watu, sina chumba.

Wengi wetu hatuna. Baraza la msikiti baina ya laasiri na magharibi linatulia, wanaume mnaweza kukaa pale. Wanafunzi, darasa likishatoka bakini nusu saa. Kuna binti aliniambia yeye anaandika ndani ya chandarua, akishakishusha wadogo zake wanajua kalala. Na ukizoea utaweza hata kwenye kelele, kelele inayokuumiza ni ile inayokuita jina lako, nyengine yote inapita.

Ramadhani unafanyaje?

Mwezi ule naandika kidogo na sijutii. Jioni yote ni futari, mihogo, tambi, kuna sahani za majirani za kupeleka na za kupokea, alafu tarawehe. Dakika zangu zinahamia baada ya daku, zile chache kabla ya adhana, na mara nyingi sihadithii kitu, naandika nilichokiona tuu. Sauti ya wapiga daku inavyokuja kutoka mbali. Harufu ya kichochoro saa kumi na mbili jioni. Idi ikishapita nafungua kurasa zile na nakuta mali.

Hao waandishi wetu wakubwa si walikua na muda wao?

Hapana. Muhammed Said Abdulla, huyu aliyetuletea yule mpelelezi wa hadithini Bwana Msa, alianza kazi kama mkaguzi wa afya, baadae akawa mhariri wa gazeti, na katikati ya kazi za watu ndo akaandika hadithi iliyoshinda mashindano ya 1957/58 na kutoka kitabu 1960. Marhum Haji Gora Haji wa Tumbatu alikua mvuvi na mtu wa kazi za mikono, diwani yake ya mashairi ikatoka 1994 akiwa ameshapita miaka sitini. Abdulrazak Gurnah, mtoto wa hapa hapa, riwaya yake ya kwanza imetoka 1987 anakaribia miaka arubaini, na miaka mingi alikua anafundisha chuo kikuu cha Kent kule Uingereza, anasahihisha kazi za wanafunzi kama mimi ninavyosahihisha, alafu Nobel ikaja 2021. Mtu akiniambia nshachelewa, n'na miaka thelathini na nne, namtajia hawa.

Muda ninao ila naandika nafuta, naandika nafuta.

Basi tatizo lako siyo muda. Acha kufuta. Andika kwa kalamu ya wino isiyofutika, ukikosea piga mstari uendelee. Kusahihisha kuna siku yake, mimi nasahihisha Jumamosi baada ya kufua. Na hiyo khofu ya je hichi ni Kipemba au ni sanifu, iache kabisa kwenye rasimu ya kwanza. Mtu wako wa Micheweni aseme kama wanavyosema Micheweni.

Simu inanila, nafungua kutazama saa najikuta stetasi za watu.

Simu ibaki chumba chengine mpaka daftari lifungwe. Nunua saa ya ukutani. Sina la zaidi.

Nimejifungua juzi.

Hongera, Mungu akukuzie. Lala. Mtoto akilala na wewe lala. Ukimnyonyesha usiku na kichwani kikija kitu, kiseme kwa sauti ndogo kwenye simu, usipoweza kiache. Mimi kwa watoto wote watatu niliacha kuanzia arubaini mpaka walipoanza kukaa, na kazi ilinisubiri.

Nimeacha miezi minane, naona haya kurudi.

Usisome yote uliyoandika kabla, utakata tamaa au utaanza kusahihisha. Soma ukurasa wa mwisho tuu. Alafu ukopi kwa mkono aya ile ya mwisho, neno kwa neno, hata kama unaiona mbaya. Mkono unakumbuka. Mara nyingi kabla ya kumaliza kuikopi utajikuta umeshaongeza sentensi ambayo haikuwepo. Nimewapa watu wengi dawa hii na mimi nimeinywa mara nne.

Bila ya mtu kunidai siandiki, nifanyeje?

Tafuta wa kukudai. Sisi tuko wanne, tunakutana kila Jumapili ya mwanzo wa mwezi baada ya laasiri nyumbani kwa mmoja wetu, kila mtu aje na kurasa mbili, asie nazo aje na maandazi na asikilize. Alafu weka tarehe ya mbele. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu hutolewa Aprili na kazi hupokelewa miezi kabla, kuna na ile tuzo ya Safal-Cornell kwa miswada ya Kiswahili, na hapa nyumbani wafuatilieni BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar. Siyo lazima ushinde. Tarehe ile inakufanya ujue kwamba mwezi huu nafika wapi.

Hadithi moja inakuchukua muda gani?

Hii ya mwisho nimeianza Mfunguo Mosi nimeimaliza Rajabu, kurasa thelathini na moja za daftari, inahusu kisima cha mtaa na wanawake wawili wasiosemeshana. Miezi tisa karibu. Kuna wiki mbili nzima humo ndani zina mstari mmoja mmoja kwa siku, ndo wakati mwanangu wa pili alilazwa, na nikizitazama sasa kurasa zile, mwandiko umepinda mana nilikua naandika kwenye goti kitandani kwake. Mstari wa siku ya tatu unasema: "Kesho mmoja wao anateka maji ya mwenzake." Nikaja kuiandika siku alipotoka hospitali, asubuhi, kabla kuku hawajafunguliwa.